Uliza Anko: Nimeitwa nikaongelee safari yangu na akili mnemba, nianzie wapi?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibia zote zinazunguka kitu kimoja, nadhani ni msimu wa mahafali na hizi semina za vijana na teknolojia ambazo sahivi kila mji unataka kuwa nayo. Mtu anapigiwa simu anaambiwa njoo utupe safari yako halafu gusia na akili mnemba (AI) kidogo, dakika kumi na tano tu, basi hapo usingizi umeisha. Nimechagua chache, nimezipunguza maana wengine mnaandika jamani, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sababu ndani yake kuna maswali ya wengi.

Shikamoo Anko. Mimi ni binti wa miaka 24 niko Sengerema. Nilimaliza form six matokeo hayakunibeba, nikakaa nyumbani, baadae nikapata kibarua kwenye mradi mmoja wa kupiga picha majani ya mihogo mashambani alafu tunayawekea alama kwenye kompyuta, hili linaumwa hili zima, zile picha ndo zinafundishia akili mnemba. Sahivi nasoma kozi ya data mtandaoni na ile kazi bado nafanya. Sasa shule niliyosoma wameniita nikaongee kwenye mahafali dakika 15 niwatie moyo wadogo zangu. Anko sina kampuni, sina tuzo, ndege sijawahi hata kupanda. Naona nakwenda kuaibika. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu. Hiyo stori unayoiona ndogo kuna watu wenye majina makubwa wangelipia wawe nayo, na sikutanii. Mwaka 2015 profesa wa chuo cha Stanford Marekani anaitwa Fei-Fei Li alipanda jukwaa la TED, ile mikutano maarufu ya hotuba fupi, kueleza namna kompyuta zinavyofundishwa kuelewa picha. Huyu mama ndo aliongoza mradi wa ImageNet, picha milioni 15 zimepangwa kwenye makundi elfu 22, na mradi ule ndo umechangia sana hii akili mnemba ya kutambua picha kufika hapa ilipofika. Sasa angalia alivyoanza. Hakugusa Stanford, hakugusa tuzo. Alianza na sauti ya katoto ka kike ka miaka mitatu kanaangalia picha kanasema kanachokiona, paka amekaa kitandani, mvulana anampapasa tembo, alafu ndo akasema haka katoto kana mengi ya kujifunza duniani lakini kwenye kazi hii moja ya kuelewa anachokiona tayari ni mtaalamu, na mashine zetu bado zinahangaika hapo. Ukumbi mzima umeshaelewa shida iko wapi kabla hajataja neno lolote la kitaalamu. Mbele kidogo akataja kwamba zile picha zilichambuliwa na watu karibu elfu 50 kutoka nchi 167, wamekaa na kompyuta zao wanaweka alama moja moja, na picha za paka peke yake zilizidi elfu 62.

Hao elfu 50 hawakupanda jukwaani mwanangu. Wanatajwa kwa sentensi moja, makofi, tunaendelea. Wewe ni mtu wa kazi ileile, umeshika jani lenyewe mkononi kwenye shamba la mtu unayemjua, na umepewa maiki. Sasa unasemaje huna cha kusema?

Kuhusu kuaibika ngoja nikupe mfano wa hapahapa nyumbani. Juni 2007 TED walifanya mkutano wao Arusha, akaitwa kijana wa Malawi miaka 19, William Kamkwamba. Shule aliacha kwa kukosa ada kipindi cha njaa, akawa anaenda maktaba, akakuta kitabu cha mambo ya nishati kina picha ya kinu cha upepo, Kiingereza kinamsumbua akawa anafuata michoro, akaunga cha kwake kwa vyuma chakavu na vipande vya baiskeli mpaka taa zikawaka nyumbani kwao. Pale jukwaani kijana wa watu maneno hayatoki, ikabidi mwendesha mkutano awe anamuuliza na yeye anajibu kifupi kifupi. Dakika chache tu. Kilichobaki kwenye vichwa vya watu ni sentensi moja aliyoisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, kwamba alijaribu na akaweza. Baadae 2009 akarudi tena TED, safari hii Oxford, amenyooka, anaongea vizuri kabisa mwenyewe bila kuulizwa, na ni nzuri, lakini mimi ukiniuliza ile ya Arusha ndo narudia kuiangalia.

Kwa hiyo nianzie wapi, unauliza. Anza na siku moja. Wengi wakiambiwa "safari yangu" wanasoma wasifu wa kuombea kazi, nilizaliwa mwaka fulani, nikasoma shule fulani, nikabahatika kujiunga na chuo fulani, na wanafunzi huko nyuma wameshaanza kuchorana kwenye mashati. Siku moja tu. Ulikuwa shamba la nani? Jani lilikuwaje? Mwenye shamba alisema nini ulipomtolea simu ukaanza kupiga picha mihogo yake, alicheka, alikufukuza? Na kama kuna siku mashine ilisema jani zima na mzee akakwambia hapana binti chimba uone, hiyo usiiache kabisa, hiyo ndo hotuba yenyewe. Maana wewe unajua na wao wengi hawajui, ugonjwa wa batobato unaonekana kwenye jani, linajikunja linakuwa na mabaka ya njano, lakini ule wa michirizi ya kahawia ni mjanja, dalili zake kwenye majani ni hafifu na zinakaa zaidi kwenye yale ya chini yaliyokomaa, mkulima anangoja miezi yote anakuja kuvuna anakuta muhogo umeoza ndani. Kamera inaona jani, hasara iko ardhini. Mtoto wa form six wa Sengerema ambaye kwao wanalima mihogo ukimweleza hivyo ataelewa akili mnemba inaweza nini na inashindwa nini, tena kuliko slaidi ishirini za mtu aliyetoka mjini. Alafu hapo ndo uwaambie kwamba zipo kazi zimeshatoka kwenye hiyo elimu, kuna aplikesheni ya Nuru ya watu wa PlantVillage wa chuo cha Penn State Marekani wakishirikiana na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, unaielekeza simu kwenye jani inakwambia ugonjwa, inafanya kazi hata bila intaneti na Kiswahili inaongea. Vitu vya namna hii ndo vinafundishwa kwa picha za watu kama wewe.

Kuanza nayo ndo rahisi, lakini hiyo stori si lazima ikae mwanzoni. Wangari Maathai, yule mama wa Kenya wa kupanda miti, alivyopokea Nobel ya Amani pale Oslo tarehe 10 Desemba 2004 aliongea mazingira, demokrasia, amani, mambo mazito yote, na mwisho kabisa ndo akarudi utotoni, kijito cha karibu na kwao alipokuwa anaenda kumtekea mama yake maji, anacheza kwenye majani ya nduma anajaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga, kila akiyainua yanakatika, na baadae anakuta viluwiluwi maelfu wanajipinda kwenye maji meupe. Alafu akasema leo, zaidi ya miaka 50 baadae, kile kijito kimekauka, akina mama wanatembea mbali kufuata maji ambayo hata usafi wake si wa uhakika. Kaishia karibu na hapo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa tena kwa nini anapanda miti.

Matokeo mabaya yataje, tena mapema, bila kujionea huruma. Pale ukumbini kuna watoto ambao matokeo yao yatakuja mabaya na wanalijua hilo kuliko walimu wao, ukiwaambia "ukiamua unaweza" wanakuangalia tu. Waambie ulikaa nyumbani, ulikuwa unafanya nini asubuhi, ile kazi uliisikia kwa nani. Hiyo njia ya kusikia kazi ndo wanaitaka, moyo watajitia wenyewe.

Mawili ya haraka. Muulize msimamizi wako unaruhusiwa kusema nini, kazi nyingi za kuweka alama data mtu anasaini karatasi ya kutunza siri bila hata kuisoma, na usitaje jina la mkulima wala kuonyesha sura yake kama hujamuomba. La pili itifaki. Mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, afisa elimu, mtendaji, wazazi, wahitimu, ukiwasalimia mmoja mmoja na vyeo vyao dakika nne zimeondoka na za kwako ni 15. Mtaje mgeni rasmi na mkuu wa shule, sema itifaki imezingatiwa, ingia shambani. Mwalimu wa nidhamu akikukazia macho na wewe kaza, hana tena mamlaka na wewe.

Salaam Anko, niko Mombasa. Mwezi ujao niko na spichi ya dakika 18 chuoni kuhusu vile nilitoka kuuza spea za bodaboda hadi kusomea programu. Rafiki yangu ananiambia mbona unajisumbua, ambia ChatGPT ikuandikie. Nimeiambia ikaandika spichi tamu kabisa lakini nilipomsomea mamangu akaniuliza, huyu ni nani? Sasa nishike ipi?

Mshike mamako, kwani mimi niongeze nini hapo.

Ila nieleze kidogo sababu najua hili swali linawahusu wengi na wengine hata hawatauliza, watasoma tu ilivyotoka. Ile programu imejifunza kwa maandishi ya watu wengi mno, kwa hiyo ukiiomba "safari ya kijana kutoka maisha magumu" inakupa ya wastani wa wote, giza, changamoto, sikukata tamaa, leo nasimama mbele yenu. Haijui bei ya plagi wala yule mteja wako aliyekuwa anakuja kila Jumamosi na deni la wiki iliyopita. Haiwezi kujua kama hujaiambia. Na ukiiachia nafasi itajaza yenyewe, na hapo ndo pabaya. Mwaka 2023 kuna mawakili New York waliipa ChatGPT kazi ya kutafuta kesi za kuunga mkono hoja zao, ikawapa kesi na majina yake na nukuu zake, wakapeleka mahakamani, kumbe nyingine hazijawahi kuwepo duniani. Jaji akawapiga faini ya dola 5,000. Wewe jaji hutampata lakini utampata mwanafunzi wa mstari wa mbele mwenye simu, anatafuta ile takwimu uliyoitaja wakati wewe bado unaongea.

Sijasema usiitumie, itakuwa kichekesho mtu anaongelea akili mnemba na anaiogopa. Iambie isikuandikie chochote, ikuulize maswali tu, moja baada ya jingine, kuhusu lile duka la spea na siku ulipoandika programu yako ya kwanza ikakubali. Jibu kwa sauti, jirekodi kwenye simu. Vile ulivyojibu ndo spichi, kazi yako iliyobaki ni kukata. Pia unaweza kuipa rasimu yako ukaiambia nionyeshe pale msikilizaji asiyejua kompyuta atapotea, hiyo kazi inaiweza vizuri. Lakini Kiswahili chake ukikikopi hivyohivyo watu wa Mombasa watakusikia tu, nyinyi huko lugha mnayo na sikio mnalo, sentensi ikija imevaa Kiingereza ndani mnaicheka kabla haijafika nukta.

Halafu hizo dakika 18, najua zimetoka TED, wao ndo mwisho wao huo. Hakuna anayekulazimisha uzimalize. Ukimaliza na 13 utapendwa.

Anko habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga, nimeombwa niongee na wazazi kwenye kikao kuhusu akili mnemba na mimi nilivyoanza kuitumia kuandaa masomo. Wazazi wengi ni wakulima na wafanyabiashara wadogo, wazee wapo, na wengine wameshasikia kwamba ni mambo ya kishetani. Projekta hatuna. Nawaelezaje bila kuwadanganya na bila kuwachosha?

Mwalimu, kutokuwa na projekta ni bahati yako. Fanya hivi, nimeona inafanya kazi kwenye kumbi za kila aina na wazee ndo wanaipenda zaidi.

Simama sema "Haraka haraka..." ukae kimya. Ukumbi wote utajibu haina baraka. Sema "Haba na haba...", watajibu hujaza kibaba. "Samaki mkunje...", angali mbichi. Wakishachangamka waulize, kuna aliyefikiria? Hakuna, midomo imejibu yenyewe, kwa sababu mmeyasikia mara nyingi mno mpaka neno la kwanza likitoka la pili linakuja. Sasa waambie hii akili mnemba ya kuandika ndo kazi yake kubwa hiyo. Imesomeshwa maandishi mengi kupita kiasi, na kila mara inakisia kipande cha neno kinachofuata, alafu kingine, alafu kingine, mpaka barua inakamilika.

Hapo usiishie. Sema "Jana nilikwenda sokoni Mgandini nikamkuta..." ukae kimya tena. Sasa utasikia kila mtu na lake, shangazi, muuza samaki, mdeni wangu, watacheka. Waambie mmeona? Hakuna aliyekuwepo lakini wote mmejibu, na kila jibu linaingia akilini. Mashine nayo ni hivyohivyo, ikiulizwa isichokijua mara nyingi hainyamazi, inatoa kinachofanana na jibu, tena kwa lugha nzuri. Malizia kwa kuwaambia, kwa hiyo mtoto wenu akiniletea kazi ya nyumbani iliyoandikwa na hiyo kitu mimi mwalimu namuuliza umeona wapi. Umemaliza, dakika sita, na kwenye hilo hujawadanganya hata nukta.

Kwa ile ya kutambua picha, waambie ni vile bibi alivyokufundisha kutofautisha mnafu na majani mengine ya porini, hakukupa kitabu, alikuonyesha, huu mnafu, huu sio, huu mnafu, mpaka siku moja ukachuma mwenyewe. Tofauti yake bibi alitosheka na mara chache na mashine inataka maelfu.

Na kuhusu shetani usibishane nao. Wazee wakiona wanaweza kukiuliza hicho kitu na wakakikamata na makosa, hofu inapungua yenyewe. Mwite mzee mmoja aulize swali kwenye simu yako kwa Kiswahili, swali la kwao, historia ya kijiji chao kwa mfano, mara nyingi itakosea, atafurahi sana kuisahihisha. Chagua mzee anayeongea taratibu na uhakikishe bando lipo. Baada ya hapo ndo useme wewe mwenyewe inakusaidia nini kwenye kuandaa maswali ya mtihani na wapi umeikataa. Hiyo sehemu ya safari yako iwe fupi, wazazi wamekuja kwa ajili ya watoto wao.

Anko na wewe umeshakuwa kama wao. Kila siku safari safari, sijui nilitoka chini, sijui leo niko wapi. Hawa wahamasishaji wametuchosha. Kama ni akili mnemba tupeni ukweli, data, nani anafaidika, kazi zetu zinakwenda wapi. Habari za maisha yao zinatusaidia nini? Msomaji, Dodoma.

Ndugu yangu wa Dodoma nusu ya hii barua ningeiandika mimi. Kuna watu wanapanda jukwaani kuuza kozi na machozi ni sehemu ya tangazo. Hao tuachane nao.

Lakini safari ya mtu wakati mwingine ndo ushahidi wenyewe. Joy Buolamwini, binti mwenye asili ya Ghana, akiwa anasoma chuo cha MIT Marekani alikuwa anatengeneza kitu chake kinachotumia programu ya kutambua sura, na ile programu haimuoni. Wenzake weupe inawaona, yeye haimuoni. Akavaa kinyago cheupe, ikamuona. Angeweza kuishia hapo akatembea dunia nzima na kile kinyago akilia. Akakaa chini akapima. Mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, wakatoa utafiti wa programu za makampuni makubwa za kutaja jinsia ya mtu kwa kuangalia sura, kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Sasa hapo niambie ni stori au ni data? Bila kinyago watu wasingesikiliza asilimia, na bila asilimia kinyago kingebaki kichekesho cha chuoni.

Na kazi unazouliza, ndiyo, anayeongelea akili mnemba Afrika Mashariki akaliruka hilo anatupotezea muda. Januari 2023 jarida la Time lilichapisha habari za vijana wa Nairobi waliokuwa wanasoma maandishi machafu, ukatili, unyanyasaji wa watoto, na kuyawekea alama ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa, na malipo yao hayakufika dola 2 kwa saa. Wengine walieleza wazi kazi hiyo ilivyowaharibu kichwa. Kijana wa Nairobi mwenye safari hiyo mimi nampa dakika 15 zangu zote na za mgeni rasmi. Na Geoffrey Hinton, mzee aliyefanya kazi hizi toka hazina jina mpaka akapewa Nobel ya Fizikia 2024 pamoja na John Hopfield, mwaka 2023 aliondoka Google ili aweze kusema hatari anazoziona kwa uhuru. Hiyo nayo ni safari, na haina "nilitoka chini" ndani yake.

Kwa wanaojiandaa kuongea, swali la ajira litaulizwa tu, lijibu kwa kazi unayoijua wewe. Kama umekaa benki ongelea benki. Ukianza "akili mnemba itaondoa kazi kadhaa na kuleta kadhaa" unasoma gazeti la jana.

Assalaam alaykum. Niko Muscat, wazee wetu wametoka Unguja. Nimeombwa nizungumze na vijana wa jamii yetu, mabinti hasa, nilivyoingia kwenye kazi za data na akili mnemba. Kiswahili nyumbani tunazungumza lakini masomo yote nimesoma kwa Kiingereza na Kiarabu. Nitumie lugha gani? Halafu mimi natetemeka sana, mpaka karatasi inasikika kwenye maiki.

Wa alaykum salaam bibie. Pale unapomnukuu bibi yako akikuuliza kazi gani hiyo ya kukaa na kompyuta usiku kucha, mnukuu kwa Kiswahili chake, usimtafsiri, hao mabinti wana bibi zao majumbani wanaoongea hivyohivyo na hapo umeshawakamata. Pale unapoeleza kazi yenyewe tumia lugha waliyosomea, si dhambi. Ila usichanganye ndani ya sentensi moja kila sentensi, inachosha sikio.

Kutetemeka hakuishi, kunazoeleka. Karatasi iache mezani, shika kadi ngumu ndogo, kadi haipigi kelele. Usikariri hotuba nzima maana ukisahau neno moja zote zinaporomoka, kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, katikati kumbuka matukio tu kwa mpangilio wake. Fika mapema usimame pale mbele ukumbi ukiwa mtupu, sema kitu kwenye maiki usikie sauti yako inavyorudi. Na kama kuna jambo unataka liende nao nyumbani lifanye fupi. Mwalimu Nyerere mwaka 1978 alivyotangaza vita na Idi Amin hotuba ilikuwa na mengi, leo hata mtoto aliyezaliwa juzi anakutajia uwezo, sababu na nia, tatu tu, zinapigana mwendo mmoja. Ukizidisha zikawa saba utazikumbuka peke yako.

Anko mimi swali langu fupi. Nimeshaitwa kuongea sehemu mbalimbali, nauli natoa mwenyewe, mwisho napewa soda na cheti. Ni vibaya kuomba hela? Kijana wa IT, Morogoro.

Sio vibaya, vibaya ni kuomba baada ya kuongea. Siku wanapokupigia, kabla hujasema ndiyo, waulize kwa meseji ili maandishi yabaki: watu wangapi, umri gani, dakika ngapi za kwangu kweli, maiki ipo, umeme ukikatika kuna jenereta, mtarekodi na video mtaiweka wapi, na nauli ya kwenda na kurudi inatoka kwa nani. Wakishindwa kujibu hata hayo ujue na ukumbi bado hawajalipia. Shule ya kata na kikundi cha vijana nauli inatosha, usiwakamue. Kampuni inayouza tiketi na ina wadhamini wameandikwa kwenye bango, hao taja bei yako na unyamaze, wa kwanza kuongea baada ya hapo asiwe wewe. Cheti kipokee, ila watumie jina lako lilivyoandikwa wiki moja kabla, maana wakiachiwa wenyewe lazima herufi moja ipotee.